Gari la mkononi kwa milioni 6: kagua nini kabla hela haijatoka

Mwenye milioni 6 Dar es Salaam asianze kuwaza meli. Kuagiza gari kuukuu Japani ni mpango wa mwenye fungu nono zaidi, maana juu ya bei ya gari na usafirishaji unadaiwa ushuru wa forodha asilimia 25 na VAT asilimia 18, kisha inakuja kodi ya uchakavu: asilimia 15 kwa gari lenye miaka 8 hadi 10, asilimia 30 likipita miaka 10. Tena Mamlaka ya Mapato (TRA) inapiga hesabu kwa thamani iliyomo kwenye mfumo wake, hata kama risiti yako ya Japani inasema umelipata kwa bei ya kutupa. Kwa fungu hili gari lako liko hapahapa nchini, na limeshapita mikononi mwa watu wawili watatu.

Hilo halina ubaya. Kinachowaumiza watu ni kutoa milioni 6 yote siku ya kununua, halafu wiki ya pili gari linachemsha na mfukoni hamna kitu. Gawanya hela kabla hujaangalia tangazo hata moja: gari lisizidi milioni 4.7; uhamisho wa umiliki, wakili na bima, karibu laki 3; fundi wa kukagua, laki 1; inayobaki, kama laki 9, ni ya matengenezo ya mwezi wa kwanza na haiguswi. Muuzaji akikwambia gari lake halihitaji hata senti moja, mpongeze, lakini laki 9 zibaki zilipo.

Herufi ya namba isikudanganye

Watu wanauza herufi. "Namba D" ina bei kuliko "namba C" ya gari lilelile, kana kwamba plate ndiyo inayovuta gari. Herufi inaonyesha gari lilisajiliwa lini Tanzania, basi. Vitz ya mwaka 2002 iliyoingia nchini ikiwa na miaka 12 inaweza kuwa na namba D, na pacha wake aliyekuja mapema ana namba B. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwenye kadi ya gari. Huo ndio wa kuangalia. Kwa bajeti ndogo, namba B au C iliyotunzwa mara nyingi ni mali kuliko namba D iliyokimbizwa kwenye biashara ya teksi mtandao.

Gari gani

Kwa hela hii chagua gari ambalo spea zake kila duka la Kariakoo linazo na kila fundi wa mtaani ameshalifungua. Za Toyota: Starlet EP91 (1996–1999), Corolla 110, Carina TI, Raum ya kwanza, Vitz na Platz za mwanzo, Passo za kuanzia 2004. Ukibahatika, IST ya kwanza, ingawa nyingi bado ziko juu ya bei hiyo.

Jua injini kabla ya gari. Starlet (4E-FE), Raum (5E-FE), Corolla 110 na Carina TI (familia ya A: 4A, 5A, 7A) zinatumia mkanda wa taimingi (unaozifanya valvu na pistoni ziende pamoja), wa kubadilishwa kila kilometa 100,000. Kama muuzaji hana ushahidi wa lini ulibadilishwa, hesabu kwamba haujawahi kubadilishwa. Uzuri wa 4E, 5E na 4A za kawaida ni kwamba mkanda ukikatika injini huzima bila valvu kugonga pistoni. Utavutwa mpaka gereji, lakini injini unayo. Vitz ya 1SZ, Passo ya 1KR na IST ya 2NZ au 1NZ zina cheni. Cheni haibadilishwi kwa ratiba, lakini oili ikipuuzwa inalegea, na utaisikia ikipiga kelele sekunde za kwanza baada ya kuwasha asubuhi.

Za kukimbia kwa bajeti hii: chochote chenye maandishi ya D4 kwenye injini (petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda), hasa 3S-FSE na 1AZ-FSE. Pampu yake ya mafuta ni ya presha kubwa na ya bei kubwa, njia za hewa zinajaa masizi, na 1AZ ina ugonjwa wa nyuzi za bolti za hedi kuchanika ndani ya bloku. 1ZZ-FE za kabla ya 2002 au hivi hujulikana kwa kula oili. Gari la Ulaya la milioni 5 ni rahisi kununua, na sababu ya urahisi huo utaijua siku ya kutafuta spea. Giaboksi ya CVT (otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia) isiyo na historia ya kubadilishwa oili yake maalumu nayo iache ipite.

Simu kabla ya nauli

Uliza manne: kadi ina jina la nani, kadi halisi iko wapi sasa hivi, wewe ni mwenyewe au dalali, na injini ni ileile iliyoandikwa kwenye kadi? Dalali si mtu mbaya, ila ujue cha juu chake kimeshaongezwa kwenye bei. Omba namba ya gari. Ukiwa nayo, angalia madeni ya faini za barabarani kwenye mfumo wa TMS wa polisi, na bima kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima. Madeni ya zamani ya leseni ya barabara yasikutishe, ada hiyo ilifutwa mwaka 2017. Faini za trafiki ndizo zinazofuata namba ya gari mpaka kwa mwenye nalo mpya.

Kisha mwambie: "Nakuja kesho saa moja asubuhi. Naomba usiliwashe mpaka nifike."

Asubuhi, gari likiwa baridi

Hapa ndipo gari linaponunuliwa au kuachwa. Weka mkono juu ya boneti. Kama ni ya moto na mliagana lisiwashwe, kuna kitu kimefichwa: linawaka kwa shida, au moshi wake wa asubuhi hautakiwi uuone.

Fungua mfuniko wa rejeta (likiwa baridi tu, kamwe lisiwe la moto). Unatafuta kulanti (maji maalumu ya kupoza injini) ya kijani, nyekundu au pinki, iliyojaa hadi mdomoni. Ukikuta maji ya rangi ya kutu, gari limekuwa likinyweshwa maji ya bomba, au mabaya zaidi, ya kisima cha chumvi, ambayo Dar yako kila mtaa. Chumvi hiyo inakula hedi na pampu ya maji kimyakimya. Ukiona utando wa mafuta juu ya maji, funga mfuniko, shukuru, ondoka. Toa pia mfuniko wa oili uangalie chini yake: ute wa rangi ya chai ya maziwa maana yake maji na oili vimekutana, na kwa kawaida njia yao ni gasketi ya hedi iliyoungua. Katika gari linalotembea safari fupifupi unaweza kukuta ute kidogo kwa sababu ya mvuke; basi hakiki kwenye kijiti cha oili. Kama na huko upo, jibu umelipata.

Sasa mambo mawili ambayo mafundi wa mtaani huyafanya kuficha gari linalochemsha. La kwanza, kutoa thamostati (valvu inayozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate moto) na kuitupa. La pili, kuunga feni "dairekti" ili izunguke muda wote. Gari la namna hiyo litakupitisha kwenye majaribio ya dakika 10 bila kasoro. Utaligundua hivi: zungusha ufunguo mpaka taa za dashibodi ziwake, AC ikiwa imezimwa. Feni ikianza kuzunguka injini ikiwa baridi, imeungwa. Kisha ukiendesha, mshale wa joto unapaswa kufika karibu na katikati ndani ya dakika 5 hadi 10 na kukaa hapo. Ukibaki chini kabisa, au ukipanda foleni na kushuka barabara ikifunguka, thamostati haimo. Passo na Vitz nyingi hazina mshale, zina taa ya bluu ya injini baridi na nyekundu ya kuchemsha. Bluu isiyotaka kuzimika ni dalili ileile.

Washa. Liwake ndani ya sekunde mbili tatu bila kukanyaga mafuta. Acha lingurume huku umeshika mpira wa juu wa rejeta: ukiwa mgumu kama umejazwa upepo wakati injini haijapata moto, gesi ya kwenye silinda inaingia kwenye njia ya maji. Angalia na kopo la maji ya akiba; mapovu yasiyokoma yanasema hivyohivyo.

Moshi soma hivi. Mvuke mweupe kidogo unaotoweka baada ya dakika chache ni hali ya hewa. Mweupe mzito usiokoma ni maji. Mweusi ni petroli nyingi, mara nyingi sensa, plagi au filta ya hewa, jambo la kutibika. Wa bluu ni oili, na wenyewe una tabaka: liache lingurume dakika 5, kisha kanyaga mara moja. Ukitoka wingu la bluu na kukatika, ni sili za valvu. Ukiendelea kutoka kila unapovuta gari mlimani, ni ringi, na hapo unazungumzia kufungua injini nzima. Muuzaji mjanja anaweka oili nzito ili moshi upungue siku hiyo. Ukivuta kijiti ukakuta oili mpya kabisa, nzito kama gundi, kwenye injini ya 1NZ inayotakiwa kutumia 5W-30, jiulize imewekwa jana kwa sababu gani.

Barabarani

Usikubali mzunguko wa mtaa mmoja. Nusu saa, na ndani yake ziwemo foleni, kilima na barabara ya vumbi yenye matuta. Foleni uiingie AC ikiwa imewashwa na ukae nayo dakika 15. Gari lenye rejeta iliyoziba haliwezi kuvumilia hapo.

Giaboksi ya otomatiki: gari likiwa limesimama na breki imekanyagwa, toa N uweke D. Inatakiwa ishike ndani ya sekunde moja au mbili, kwa mguso mdogo. Ikichelewa kisha ikagonga, presha ya ndani imepungua. Rudia kwa R. Barabarani isikilize ikibadili gia: mzunguko wa injini ukipanda bila mwendo kuongezeka, inateleza. Tafuta kilima kirefu, mfano upande wa Pugu, na upande taratibu. Giaboksi iliyochoka haitaki mlima ikiwa ya moto. Mkirudi, injini ikiwa inanguruma, toa kijiti cha oili ya giaboksi kwa magari yenye nacho. Nyekundu ni nzuri, kahawia inavumilika, nyeusi yenye harufu ya kuungua ni hapana. Giaboksi ya mtumba unaweza kuipata, lakini hiyo ni kubahatisha kwingine, tena baada ya laki 9 zako kuisha.

Breki: kwenye mwendo wa 60 na barabara tupu, kanyaga kwa nguvu. Likivuta upande mmoja, kalipa au mpira wa breki una shida. Usukani ukitetema, diski zimepinda. Kata kona usukani ukiwa umeisha kabisa, kushoto na kulia. Mlio wa "ta-ta-ta" ni kona jointi. Milio ya "gudu gudu" kwenye barabara mbovu ni bushi, bolijointi au stabilaiza. Hizi zote ni kasoro za kawaida kwa gari la umri huu na hazizuii kununua. Ziandike tu, utazitumia kwenye bei.

Bodi, na maji ya Jangwani

Chukua sumaku ndogo, ifunge kwa kitambaa laini, ipitishe kwenye milango, mafenda na juu ya matairi. Inapoachia, chini ya rangi kuna puti. Fenda moja yenye puti ni kugongwa na pikipiki mtaani. Puti kwenye nguzo za milango au paa ni ajali iliyonyooshwa. Fungua boneti uangalie chuma kinachoshika rejeta na mikono miwili ya chasisi inayoelekea mbele: mkunjo wowote au alama za kulehemu ambazo upande wa pili hazipo zinatosha kukurudisha nyumbani. Taa moja mpya na nyingine ya njano nazo zinasimulia.

Kila masika makubwa bonde la Msimbazi pale Jangwani linapojaa kuna magari yanaogelea, na baada ya miezi michache yako sokoni yakinukia pafyumu. Inua zulia la buti na tairi ya akiba utafute matope. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake. Mstari wa matope hauoshwi kirahisi pale. Piga tochi kwenye reli na bolti za viti. Kutu ya huko ndani, katika gari ambalo nje yake halina kutu, ni ya mafuriko, na umeme wa gari lililozama hauponi. Unahamia tu kutoka kasoro moja kwenda nyingine.

Kilometa usiziamini. Angalia raba ya pedali ya breki, ngozi ya usukani na upande wa kiti cha dereva. Kwenye fremu ya mlango au chini ya boneti mara nyingi kuna stika za Kijapani za oili au mkanda wa taimingi, zenye tarehe na kilometa. Mwaka wao ukiandikwa kwa mtindo wa Heisei, jumlisha 1988: H17 ni 2005. Stika ya mwaka 2009 inayosema kilometa 96,000 kwenye gari linaloonyesha 81,000 leo imemaliza mjadala.

Tairi zina tarakimu nne pembeni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zilizopita miaka 6 zihesabie kama hazipo, hata kama kashata bado ni nzima.

Fundi na mashine

Fundi awe wako, umlipe ukinunua au usinunue. Fundi anayelipwa na dalali "kitu kidogo" biashara ikikamilika ana sababu ya kuona kila kitu kiko sawa. Mwambie apime kompresheni (mgandamizo wa ndani) ya silinda zote. Wengi huiruka kwa sababu inataka kutoa plagi. Kwa 1NZ nzuri ni karibu psi 213, kikomo cha chini ni psi 156, na silinda zisitofautiane zaidi ya psi 14. Silinda moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, injini inakaribia kufunguliwa.

Zungusha ufunguo bila kuwasha: taa za injini, ABS, mfuko wa hewa na oili ziwake zote, kisha zizime baada ya gari kuwaka. Taa ya injini isiyowaka kabisa imetolewa balbu, au imeungwa na nyingine. Vifaa vidogo vya bluetooth vya kusomea kompyuta ya gari havishiki magari mengi ya Japani ya zamani, hivyo kikikwambia hakuna kosa, hakikisha kwanza kimeunganika kweli. Na kwa kuwa magari mengi ya Japani ya miaka ya 2000 yaliitwa kiwandani kwa ajili ya mifuko ya hewa ya Takata, ingiza namba ya chasisi kwenye ukurasa wa Toyota Japani uone kama lako liliitwa na halikurudishwa.

Karatasi

Namba ya chasisi na ya injini zisomwe kwa macho kwenye gari, zilinganishwe na kadi herufi kwa herufi. Kadi iwe halisi. Nakala yenye maelezo kwamba halisi "iko kwa ndugu" mara nyingi ina maana iko kwa mkopeshaji. Jina la kwenye kadi lilingane na kitambulisho cha NIDA cha anayeuza. Mwenye kadi akiwa marehemu, mtu pekee anayeweza kukuuzia ni msimamizi wa mirathi mwenye barua ya mahakama, si mtoto mkubwa wala mjane peke yake. Injini ikiwa imebadilishwa bila kadi kurekebishwa, muuzaji arekebishe kabla, kwa gharama yake.

Andikeni mkataba wa mauziano kwa wakili, hela ipite benki, na uhamisho TRA ufanyike wiki hiyohiyo. Wote wawili mtahitaji TIN. Ushuru wa stempu ni asilimia 1 ya thamani, juu yake kuna ada ya uhamisho na ya kadi. Usiendeshe miezi sita kwa jina la mtu. Bima ndogo ya gari binafsi ni 118,000 pamoja na VAT, na wanayokuachia ya zamani haikulindi mpaka ihamishwe.

Bei

Kabla hujataja bei, pigia duka la spea uulize gharama ya kila ulichoandika. Kisha sema kwa upole: "Kaka, gari nimelipenda. Ila bolijointi mbili zimekufa, tairi mbili ni za 2015, na mkanda wa taimingi hauna historia. Nina milioni 4 na laki 3, tunaingia benki leo." Hela iliyo tayari ina nguvu kuliko malumbano. Ukiambiwa kuna mtu anakuja mchana na hela kamili, mwache aje. Kishika uchumba usitoe kabla ya kuona kadi.

Wiki ya kwanza

Badilisha oili na filta (1NZ inachukua lita 3.7), plagi, filta ya hewa na oili ya breki. Suuza njia ya maji mpaka yatoke meupe, rudisha thamostati mpya ya nyuzi 82 kama iliondolewa, rudisha na feni kwenye swichi yake, kisha jaza kulanti. Gari dogo linachukua kama lita 5. Kwa injini za mkanda, badilisha mkanda, rola na sili pamoja, na pampu ya maji ukiweza, maana kazi ya kufungua ni ileile. Oili ya giaboksi ya otomatiki ishushwe kwa nati ya chini tu, itatoka kama lita 3, ujaze kiasi kilekile cha aina iliyotajwa kwenye kijiti au kitabu. Rudia baada ya kilometa 1,000. Usikubali giaboksi iliyotelekezwa isafishwe kwa mashine ya presha, kwani uchafu unaong'oka huenda kuziba valvu zake. Na tangi lisishuke chini ya robo: pampu ya mafuta inapozwa na petroli inayoizunguka, na taa ya mafuta inayowaka kila siku huiua mapema.